Chupa ya Mgeni

Ijumaa saa nne asubuhi, ukoo namba saba ungemwagiwa klorini. Habari hiyo ilibandikwa Jumatatu kwenye mlango wa chumba cha seli, karatasi moja na vipande viwili vya gundi, kana kwamba ni tangazo la maji kukatika. Mbona aliisoma mguu mmoja ukiwa ndani ya kiatu cha maabara na mwingine ukiwa na soksi tupu. Akaisoma tena kutoka chini kwenda juu, labda ingesema jambo jingine. Haikusema.

Mbona si jina alilopewa na wazazi wake. Alibandikwa jina hilo wiki ya kwanza kazini, miaka miwili nyuma, kwa sababu hakuna sentensi aliyoianza kwa neno jingine. Mbona chupa zinatikiswa? Mbona hizi zimekufa na zile hazikufa? Mbona kipimo cha leo kimepishana na cha jana, na mikono ni ileile? Mwishowe hata mlinzi wa getini akawa anamwandika hivyo kwenye daftari la wanaoingia, na yeye akaacha kubisha.

Alikuwa fundi wa seli. Seli zenyewe zilitokana na ovari ya panya mdogo aliyekufa zamani sana, kabla hata wazazi wa Mbona hawajazaliwa. Panya akaenda zake, seli zikabaki, zikigawanyika kizazi hadi kizazi ndani ya chupa, zikielea kwenye maji ya rangi ya waridi yenye sukari na chumvi. Kazi yao ilikuwa moja. Ndani ya kila seli watu wa maabara walikuwa wamepandikiza maagizo ya kutengeneza protini ambayo mwili wa binadamu hujitengenezea wenyewe, isipokuwa kwa watoto wachache wanaozaliwa bila uwezo huo na misuli yao ikalegea mwaka hadi mwaka. Seli hutengeneza protini, huitema majini, maji huchujwa, na kinachobaki ndicho dawa.

Ukoo namba saba Mbona aliulea mwenyewe. Aliuona ukiwa seli moja, moja tu, imekaa katikati ya kisima kidogo cha sahani ya maabara kama jicho la samaki. Alikwenda kuichungulia asubuhi na jioni. Siku ya tatu zilikuwa nne. Siku hiyo alicheka peke yake mbele ya hadubini mpaka fundi wa mashine za kuchuja akamuuliza kama kuna sinema humo ndani.

Na ukoo ulianza vizuri. Baadaye kiwango cha protini kikakwama. Mbona, ambaye hakuwa mtu wa kuona kitu kimekwama akakaa kimya, akapendekeza waongeze kichocheo, ule unga mweupe ambao kila punje yake ilikuwa amri kwa seli: tengeneza. Wakaongeza mara mbili. Wiki ya kwanza kiwango kikapanda, mkuu wa maabara akampigia makofi mbele ya watu wote. Wiki ya nne kikashuka. Wakaongeza tena. Kikashuka zaidi. Mkuu, ambaye mbele yake walimwita Daktari na nyuma yake walimwita Mzee wa Grafu, akaanza kuuita ukoo namba saba "Wavivu", na neno hilo lilimchoma Mbona kama ametukaniwa mtoto.

"Umeiona karatasi?" Chujio alimuuliza. Huyu ndiye fundi wa kuchuja, mtu mzima mwenye kitambi na miwani iliyofungwa kwa uzi. Yeye ndiye aliyepima protini ya kila chupa, na utani kati yake na Mbona ulikuwa haupumziki.

"Nimeiona."

"Pole, dada. Msiba wako tutauchangia. Mimi naleta viti."

"Wewe lete kinywa kilichofungwa, kinatosha."

"Kha! Na vipimo vya leo ndivyo hivi." Akamsukumia karatasi. "Chupa kumi na mbili, na zote kumi na mbili zimenuna."

Mbona akatazama. Zilikuwa mbaya kuliko za wiki iliyopita. Aliikunja karatasi mara nne, akaiweka mfukoni, akaenda kufanya kazi ya kila Jumatatu ambayo hakuna aliyeipenda, yaani kumwaga mgeni.

Desturi hiyo aliikuta. Kila Alhamisi walipanda kundi la chupa kumi na mbili, wakaliacha siku kumi na moja, wakalipima Jumatatu. Lakini walipanda kumi na tatu. Ile ya ziada iliitwa mgeni. Ililishwa sawa na wenzake na kupewa kichocheo sawasawa, ili chupa yoyote ikimwagika au ikiota ukungu, mgeni achukue nafasi yake. Isipomwagika hata moja, mgeni alimwagwa bila kupimwa, kwa kuwa karatasi za hesabu zilipangwa kwa kumi na mbili. Mtu mmoja wa zamani aliandika kwa kalamu nene juu ya kabati: MGENI HAPIMWI. Na kwa kuwa kabati la kwanza la kutunzia joto lilijaa kundi la zamani, na la pili likajaa kundi jipya, mgeni alilazwa kwenye kabati la tatu, rafu ya chini, karibu na mlango wenye mpira uliopasuka. Kabati hilo waliliita wodi.

Mbona aliishika chupa ya mgeni juu ya sinki. Alikuwa ameshafungua kifuniko. Wiki mia moja na zaidi alikuwa amefanya hivyo, na mkono ulishajua njia. Ila leo aliinua chupa kwenye mwanga kwanza, maana alikuwa na hasira na alitaka kuwatazama Wavivu usoni kabla hawajaenda.

Maji yalikuwa maangavu.

Akazitazama zile kumi na mbili mezani. Zilikuwa na ukungukungu, na chini kumetuama vipande vya seli zilizopasuka, kama maji ya kuoshea mchele. Akarudi kwa mgeni. Maangavu.

"Mbona wewe umeoga?" aliiuliza chupa.

Akavuta tone moja, akalichanganya na rangi ya buluu. Rangi hiyo ina ukweli wake: seli iliyokufa huinywa ikageuka buluu, seli hai huikataa. Kwenye zile kumi na mbili, asubuhi ile, theluthi nzima ilikuwa buluu. Mbona aliinamia hadubini na kibonyezo chake cha kuhesabia. Hai, hai, hai, hai. Alifika mia mbili akiwa ameona buluu sita tu. Seli zenyewe zilikuwa chache kuliko za wenzake, karibu nusu, lakini zilikuwa nono na za mviringo, zimetulia.

Alimkuta Chujio akifuta miwani.

"Kaka, nipimie hii. Seli ni chache, ila karibu zote ni hai."

"Hii ni nini?"

"Mgeni."

"Mgeni hapimwi."

"Nani kasema?"

"Kabati limesema." Chujio akaivaa miwani, akamtazama vizuri, akaona kwamba leo utani hautafika mbali. "Unatafuta nini humo, dada? Seli ni chache, umesema mwenyewe. Chache zitoe nini?"

"Sijui. Ndiyo maana nataka ipimwe."

Chujio alipima shingo upande. Kipimo chenyewe ni sahani ya plastiki yenye visima vidogo tisini na sita, na protini ikiwepo kisima hugeuka njano; protini ikizidi, njano huzidi kukolea. Walikaa mbele ya sahani ile kama watu wanaosubiri uji uchemke. Visima vya chupa kumi na mbili vikawa vya rangi ya majani makavu. Kisima cha mgeni kikawa njano, kikakolea, kikaendelea kukolea mpaka kikafanana na kiini cha yai. Mashine ya kusomea ikakisoma, ikaandika vistari vitatu badala ya namba. Kimezidi kipimo.

"Umechanganya chupa," Chujio alisema.

"Sijachanganya."

"Basi mimi nimechanganya, na mimi huwa sichanganyi." Akazimua maji ya mgeni mara kumi, akapima upya bila mtu kumwomba. Namba ikatoka. Chujio akaitazama, akavua miwani, akaivaa, akaitazama tena. Seli nusu, protini mara tatu.

"Haya," alisema kwa sauti ya chini. "Mbona?"

Kabla ya kutoka, Mbona aliingiza kipimajoto kwenye wodi, rafu ya chini. Kioo cha namba mbele ya kabati kilisema thelathini na saba, joto la mwili, kama ilivyotakiwa. Kipimajoto kilisema thelathini na mbili. Ule mpira uliopasuka ulikuwa ukiingiza ubaridi, na hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyewahi kulaza humo kitu cha maana.

Jioni, saa kumi na moja, alipita kumchukua mama yake kazini ili waongozane nyumbani. Mama alikuwa msimamizi wa chumba cha kufulia cha hospitali, na alikuwa bado hajamaliza zamu. Mbona alikaa kwenye kikapu kilichopinduliwa, kichwa kikimwenda mbio. Mbona ubaridi uongeze kazi? Ubaridi hupunguza kila kitu. Seli zenye baridi huzaana polepole, hula polepole. Ilikuwaje zitoe zaidi?

Mbele yake mashine kubwa ya kukaushia na kupigia pasi ilikuwa ikitema mashuka. Wanawake sita walisimama wawili wawili, wakayapokea kwa pembe, wakayakunja: kati, kati, kati, weka. Yule wa mwanzoni alikuwa ameongeza kasi ya mashine ili wawahi kwenda nyumbani. Mashuka yakaanza kuja kabla ya mikono kuwa tayari. Moja likaangukia jingine. Jozi ya pili ikajaribu kukunja mawili kwa pamoja, yakasokotana. Lundo likapanda mpaka magotini.

"Zima!" Mama aliinua mkono. "Zima nasema! Nani kagusa kasi?"

Mashine ikanyamaza.

"Hayo ya sakafuni yote yarudi kufuliwa. Wewe na wewe, acheni foronya, njooni huku mtusaidie kukunja. Mpaka lundo liishe siwashi kitu."

"Mama," Mbona alisema, "mbona usiiwashe tu polepole?"

"Ndivyo nitakavyofanya, mwanangu. Hawa wanadhani mashine ndiyo inayotoa mashuka. Mashine inatema vitambaa. Shuka ni lile lililokunjwa likafika wodini." Akamtazama binti yake. "Umekula leo? Mbona umeacha mdomo wazi?"

Mbona aliinuka kutoka kikapuni.

Alilijua jambo hili. Alilisoma chuoni, akalijibu kwenye mtihani, akapata alama, akalisahau kwa namna mtu anavyosahau alichokariri. Protini hutengenezwa kama uzi mrefu, na uzi si kitu mpaka ukunjwe. Ndani ya seli kuna chumba cha kukunjia, na kuna wakunjaji wake. Nyuzi zikija kuliko mikono, zinasokotana na kulundikana. Na kwenye kuta za chumba hicho kuna walinzi wanaohisi lundo, nao hufanya mambo matatu: husimamisha utengenezaji, huita wakunjaji zaidi, na nyuzi zilizoharibika huzipeleka zikavunjwe. Lundo likiisha, kazi huendelea. Lakini lundo likikaa siku nyingi na mtu wa nje akazidi kuamrisha, tengeneza, tengeneza, seli hufika mahali ikaamua kujiua yenyewe, kimyakimya, ili isiwachafulie jirani.

Seli zake hazikuwa vivu hata siku moja. Zilikuwa zimeinua mkono zikasema zima, miezi sita, na yeye akazijibu kwa kuongeza kichocheo. Lakini mgeni aliyelala kwenye ubaridi alipokea amri ileile huku kila kitu kikienda taratibu, uzi mmoja baada ya mwingine, na mikono ikatosha.

Au siyo? Njiani alimweleza mama yake yote, na mama akasikiliza akiwa ameshika mfuko wa vitunguu, kisha akauliza swali moja: "Na nani aliongeza hicho kichocheo?"

"Mimi."

"Hm," alisema mama, akahamishia mfuko mkono mwingine.

Jumanne asubuhi Mbona alisimama mbele ya meza ya Daktari. Alikuwa amepiga moyo konde tangu getini. Alieleza habari ya mgeni, kisima cha njano, kipimajoto, mashuka. Daktari alisikiliza huku akichora mistari midogo pembeni mwa karatasi.

"Chupa moja," alisema. "Chupa moja ni bahati. Nimeona bahati nyingi humu, zote zimezikwa."

"Ndiyo maana naomba sita. Kundi la mwisho lina siku tano. Sita zibaki kwenye joto, sita zihamie wodini leo. Ijumaa tunazipima zote kabla ya klorini. Nikikosea, nitamwaga mwenyewe."

"Kabati bovu?"

"Tutaliziba mlango kwa plasta na kulishusha mpaka thelathini na mbili, lisiyumbe."

Daktari akaweka kalamu chini. "Kama unayosema ni kweli, basi kichocheo ndicho kimewaua miezi yote hii. Lile lilikuwa wazo la nani?"

Daktari alijua jibu. Alikuwa amelipigia makofi kwa mikono yake mwenyewe.

"Langu, Daktari."

"Liandike kwenye daftari la chumba. Kwa jina lako. Kisha hamisha chupa zako."

Akaliandika. Mkono ulikuwa mzito kama umebeba ndoo. *Kosa: tuliongeza kichocheo bila kutazama vifo. Aliyependekeza: mimi.* Akatia sahihi. Wino ulipokauka alijikuta anapumua vizuri kuliko jana.

Jumatano na Alhamisi zilikuwa siku za roho juu. Kila alipohesabu, seli za wodini zilikuwa chache. Zilikuwa zimeacha kuzaana kabisa.

"Watoto wako wamelala, dada," Chujio alimtania, akiwa amebeba roli ya plasta. Yeye ndiye aliyeuziba mlango, na alikuja kuutazama mara nne kwa siku akisingizia kwamba anapita. "Nimewasikia wanakoroma."

"Wamelala au wanafanya kazi?"

"Mimi najuaje? Wafunike blanketi."

"Blanketi ndilo lililowaua, kaka."

Alhamisi mchana chupa moja kati ya sita, ile iliyokaa karibu na mlango, ikaota ukungu. Mbona aliitoa kwa mikono miwili. Chujio akauongezea mlango plasta nyingine, bila utani.

Ijumaa saa tatu na nusu Daktari alikuja na dumu la klorini, akaliweka sakafuni karibu na mlango chini ya tangazo lake. Hakuwa mtu mbaya. Alitaka tu mambo yafuate saa. Sahani ilikuwa tayari mezani. Safari hii Chujio alikuwa amezimua kila kitu mapema, mara kumi.

Walisimama watatu kuizunguka.

Visima vya chupa za joto vikaanza, vikawa vya majani makavu, vikaishia hapo. Visima vya wodini, vilivyotiwa dawa mwisho, vikakaa vyeupe. Dakika ikapita. Daktari akatazama saa.

"Subiri," Chujio alisema, na hakuna aliyewahi kumsikia akimwambia Daktari subiri.

Njano ikaja. Ilikuja pole, kwanza ukingoni, kama taa inayowashwa kwenye nyumba ya mbali. Kisima kimoja, kisha vitatu, kisha vyote vitano. Havikukolea kama alivyoota. Lakini vilikolea. Chujio akaingiza sahani kwenye mashine, akasoma kwa sauti, kisima kwa kisima, na kila aliposoma Daktari aliandika. Za wodini zilitoa karibu mara mbili ya zile za joto, zote tano, hakuna hata moja iliyobaki nyuma. Siku tatu tu za ubaridi.

Daktari akamaliza kuandika. Alivuta mstari mmoja kwenye karatasi yake, akatazama grafu ile ndogo ikipanda, akaitazama tena kama mtu anayetafuta mlango wa kutokea. Kisha akainama, akachukua dumu la klorini, akazimwagia chupa sita za joto, moja baada ya nyingine, bila haraka. Alipozifikia zile tano za wodini akakaza kifuniko cha dumu, akalirudisha sakafuni.

Njiani kwenda nje akasimama mlangoni, akabandua tangazo.

"Vipi ile ya kumi na tatu?" aliuliza bila kugeuka. "Mgeni wa kundi hili. Yuko wapi?"

"Wodini, Daktari. Yuko huko tangu siku ya kwanza."

"Mpimeni."

Chujio akampima. Kisima kikawa njano kuliko vyote vitano, kiini cha yai kilekile cha Jumatatu. Daktari alirudi mpaka mezani, akainamia sahani mikono ikiwa nyuma, akasahau kabisa kwamba alikuwa anaondoka.

"Huyu amekaa kwenye baridi siku nane," alisema polepole. "Seli zake ni chache kuliko wote. Zilipaswa kuchelewa. Mbona ametoa—"

Alikuwa amelisikia neno likimtoka. Chujio alifunga mdomo kwa mkono, mabega yakimtikisika.

Mbona hakucheka. Alikuwa hajui jibu, na kutojua huko kulimwasha mikononi. Labda zilijenga chumba kikubwa cha kukunjia kabla kazi haijawa nyingi. Labda wakunjaji waliitwa mapema. Labda ni kitu kingine kabisa. Alivuta stuli, akapanda, akayafuta yale maandishi ya kalamu nene juu ya kabati kwa kitambaa chenye spiriti, herufi moja moja, kisha akashuka na kuchukua chupa kumi na tatu safi kutoka kwenye rafu.

"Kaka," alisema, "ile plasta imebaki kiasi gani?"